KWA NINI MTOTO HUCHOMWA SINDANO PAJANI? Somo la misuli na neva za nyonga na paja

Tuanze na mazungumzo. Ni siku ya kliniki. Bibi amempeleka mjukuu wake kuchanjwa, maana mama wa mtoto ana homa. Nesi anamwita.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Bibi, mpakate mtoto vizuri, umshike na mguu. Nitamchoma hapa pajani."

"Pajani? Mbona sisi wanetu walichomwa matakoni na hawakufa?"

"Ni kweli bibi, hawakufa. Lakini hujapata kumwona mtoto aliyekwenda kuchomwa sindano anatembea, akarudi anaburuta mguu?"

Bibi akanyamaza. Alikuwa amemwona. Alikuwa mtoto wa jirani yake, na sasa ni mtu mzima. Hadi leo anachechemea. Watu walisema amelogwa.

Je, alilogwa? Hapana. Katika somo la leo tutaona ni kitu gani kilichoumia ndani ya mguu wake. Tutajifunza misuli na neva za nyonga na paja. Ukimaliza kusoma, utaweza kumjibu bibi, na utaweza kumlinda mtoto wako.

MANENO YA KUSOMA KWANZA

Nyonga: mahali mguu unapoungana na kiwiliwili.
Kinena: mkunjo wa mbele kati ya tumbo na paja.
Msuli: nyama ya mwili inayovuta mfupa ili kiungo kisogee.
Kano: kamba ngumu inayofunga msuli kwenye mfupa.
Neva: uzi unaopeleka habari kati ya ubongo na mwili. Watu wengi huita mshipa wa fahamu.
Ganzi: hali ya kutosikia ukiguswa.

Usichanganye neva na mshipa wa damu. Mshipa wa damu ni kama bomba, ndani yake damu hupita. Neva haipitishi damu. Neva hupitisha habari.

MIFUPA YA NYONGA

Weka mikono yako kiunoni, kama mtu anayegomba. Unagusa mifupa miwili mikubwa, mmoja kulia, mmoja kushoto. Mifupa hiyo imeungana kwa mbele, chini ya kitovu. Kwa nyuma imeungana na mwisho wa uti wa mgongo. Kwa pamoja inafanya umbo la bakuli lisilo na kitako. Ndani ya bakuli hilo kuna kibofu cha mkojo, njia ya haja kubwa, na kwa mwanamke kuna kizazi. Mtoto anapozaliwa hupita katikati ya bakuli hilo.

Kila upande wa bakuli una tundu. Kichwa cha mfupa wa paja ni mviringo, nacho kimeingia katika tundu hilo. Humo huzunguka kama mchi ndani ya kinu. Ndiyo sababu unaweza kuupeleka mguu mbele, nyuma, kando, na kuuzungusha.

Lakini mchi haujitwangi wenyewe. Lazima kuwe na mikono ya kuushika. Mikono hiyo ni misuli.

MISULI NI WAFANYAKAZI

Misuli ya nyonga na paja ni mingi. Leo tutajifunza makundi sita tu. Simama, ufanye pamoja nasi.

1. Msuli wa kunyanyua paja. Nyanyua goti lako juu, kama unavuka gogo. Msuli unaofanya kazi hiyo unaanzia ndani kabisa, kando ya uti wa mgongo sehemu ya kiuno. Unashuka ndani ya bakuli la nyonga, unapita kinenani, na kushikamana na mfupa wa paja. Kila unapopanda kilima, huo ndio unaokupandisha.

2. Misuli minne ya mbele ya paja. Kaa kwenye kiti. Weka kiganja juu ya paja, kisha nyoosha goti. Unaona nyama imekuwa ngumu? Hiyo ni misuli minne iliyolala pamoja. Kwa chini yote minne inakuwa kano moja. Kano hiyo inashika pia ya goti, inapita mbele ya goti na kufungwa kwenye mfupa wa ugoko. Kazi yake ni kunyoosha goti. Bila misuli hii goti linakunjika ghafla, na mtu anaanguka njiani na ndoo yake.

3. Msuli mrefu kuliko yote mwilini. Huu unaanzia mbele ya nyonga, unakata paja kwa mshazari, unafika upande wa ndani wa goti. Unatusaidia kukaa chini na kukunja miguu. Jina lake la Kilatini lina maana ya fundi wa kushona, kwa sababu mafundi wa zamani walikaa hivyo wakishona.

4. Misuli ya ndani ya paja. Bana magoti yako pamoja. Hiyo ndiyo kazi yake.

5. Misuli ya makalio. Mmoja wake ndio msuli mkubwa kuliko yote mwilini. Unatuinua tunapochuchumaa na tunapopanda ngazi. Mwingine uko upande wa nje, chini ya mfupa wa kiuno. Huo unashikilia nyonga isiiname unaposimama kwa mguu mmoja. Na kila hatua unayopiga, kuna muda mfupi unasimama kwa mguu mmoja. Msuli huo ukidhoofika, mtu hutembea akiyumba.

6. Misuli ya sakafu ya nyonga. Tulisema bakuli halina kitako. Misuli hii ndiyo kitako chake. Inabeba kibofu, kizazi na njia ya haja. Bana kama mtu anayezuia mkojo. Hiyo ndiyo misuli yenyewe. Mama aliyezaa mara nyingi anaweza kuiimarisha kwa kuibana na kuilegeza mara nyingi kila siku, hata akiwa anachambua mchele.

Basi hao ndio wafanyakazi. Lakini mfanyakazi asiyepata habari hafanyi kazi. Habari zinaletwa na neva.

NEVA NI KAMA WAYA WA SOLA

Siku hizi nyumba nyingi vijijini zina taa za sola. Kuna betri, kuna waya, kuna taa. Panya akitafuna waya, taa haiwaki. Je, taa imeharibika? Hapana. Betri imeharibika? Hapana. Ni waya tu.

Mwili nao ni vivyo hivyo. Ubongo na uti wa mgongo ndiyo betri. Msuli ndiyo taa. Neva ndiyo waya. Neva ikiumia, msuli unalala hata kama nyama yake ni nzima. Tena neva hupeleka habari kwenda na kurudi. Ukikanyaga mwiba, neva inapeleka habari juu: "Nimechomwa!" Neva ikiumia, mwiba unaingia na wewe husikii.

Katika nyonga na paja kuna neva nne za kukumbuka.

Ya kwanza ni neva ya mbele ya paja. Inatoka kwenye uti wa mgongo sehemu ya kiuno. Inapita ndani ya ule msuli wa kunyanyua paja, inatokea kinenani. Weka vidole kinenani, katikati. Unasikia mshipa wa damu ukidunda? Neva hii imepita kando ya mshipa huo, upande wa nje. Ikishuka kidogo inagawanyika matawi mengi. Inaamuru ile misuli minne ya kunyoosha goti.

Ya pili ni neva ya ndani ya paja. Inapita pembeni mwa bakuli la nyonga, karibu kabisa na njia anayopita mtoto wakati wa kuzaliwa. Inaamuru misuli ya kubana magoti.

Ya tatu ni neva ya ngozi ya upande wa nje wa paja. Hii haiamuru msuli wowote. Kazi yake ni kusikia tu. Inapita karibu na ncha ya mbele ya mfupa wa kiuno. Mtu akifunga mkanda kwa kukaza sana, au mama akiwa mjamzito, neva hii inaweza kubanwa. Paja linawaka moto kwa nje au linakufa ganzi, lakini mguu una nguvu zake. Mara nyingi dawa ni kulegeza mkanda.

Ya nne ni neva kubwa ya nyuma. Hii ndiyo nene kuliko zote mwilini. Unene wake unakaribia kidole. Inatoka chini ya uti wa mgongo, inapita ndani ya kalio, inashuka nyuma ya paja hadi unyayoni. Inaamuru misuli ya nyuma ya paja na misuli yote iliyo chini ya goti. Ndiyo inayotufanya tuinue mguu tusijikwae. Ukumbuke neva hii, maana ndiyo kiini cha somo letu.

JARIBU NYUMBANI

Jaribio la 1. Mwenzako akae juu ya meza au ukuta mfupi, miguu ining'inie bila kugusa chini. Alegeze mguu. Mgonge taratibu kwa ukingo wa kiganja, chini kidogo ya pia ya goti, mahali penye kano. Mguu utaruka wenyewe! Habari imetoka kwenye kano, ikapanda kwa neva ya mbele hadi kwenye uti wa mgongo, ikarudi na amri kwa msuli. Jaribu miguu yote miwili uilinganishe. Wengine mguu huruka sana, wengine kidogo. Usigonge kwa chuma wala jiwe.

Jaribio la 2. Tembea kwa visigino, vidole vikiwa juu. Ukiweza kwa miguu yote miwili, basi misuli ya kuinua mguu inapata amri zake kutoka kwa neva kubwa ya nyuma.

SINDANO NA NEVA KUBWA

Sasa turudi kwa bibi.

Fikiria kalio moja kama chapati. Ikate kwa mstari wa kushuka na mstari wa kulala. Umepata robo nne. Neva kubwa ya nyuma inapita zaidi katika robo ya chini iliyo upande wa ndani. Ndiyo sababu mhudumu akimchoma mtu mzima kalioni, anatafuta robo ya juu iliyo upande wa nje.

Lakini kalio la mtoto mchanga ni dogo mno. Nyama yake ni haba. Robo zake ziko karibu karibu. Mtoto naye anarusha miguu. Sindano ikiteleza kidogo tu, inaifikia neva. Tena si lazima sindano iichome neva yenyewe. Dawa kali ikimwagika jirani na neva, inaweza kuiunguza.

Ukigusa paja la mtoto kwa mbele, upande wa nje, pale katikati ya nyonga na goti, pana msuli mnene kuliko misuli yake mingine. Hapo hapana neva kubwa wala mshipa mkubwa wa damu. Neva ya mbele na mshipa mkubwa wa damu vipo upande wa ndani zaidi. Kwa hiyo sindano ya chanjo ya watoto wachanga huchomwa pajani. Ile chanjo ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14 inayokinga magonjwa matano, yakiwemo pepopunda, kifaduro na dondakoo, huchomwa hapo.

Ndugu msomaji, hatukufundishi ili ukachome sindano. Tunakufundisha ili ujue kinachofanywa kwa mwanao, na uweze kuuliza.

KILA UGONJWA HAUTAKI SINDANO

Wengi wetu tuna imani kwamba sindano ndiyo dawa ya kweli, ati kidonge ni cha kudanganyia watoto. Tukitoka zahanati bila sindano tunanung'unika: "Hawakunitibu." Imani hiyo imewalemaza watu.

Zamani malaria ilitibiwa sana kwa sindano za kwinini. Kwinini ni dawa kali kwa nyama ya msuli. Nchini Uganda, hasa upande wa mashariki, madaktari wamewapasua watoto wengi ambao misuli ya makalio yao ilikuwa imegeuka kovu gumu. Watoto hao hawakuweza kuchuchumaa magoti yakiwa pamoja. Wataalamu wanaona kwamba chanzo kikubwa ni sindano za mara kwa mara. Wengine neva yao kubwa iliumia, mguu ukalegea.

Hata msuli wa mbele ya paja unaweza kugeuka kovu, ukichomwa sindano nyingi mahali pamoja. Goti halikunjiki tena. Kwa hiyo paja ni mahali pazuri kwa sindano inayohitajika, lakini si kwa sindano za ovyo.

Leo malaria ya kawaida hutibiwa kwa vidonge vya dawa mseto. Malaria kali inahitaji sindano, nayo isicheleweshwe. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilishauri sindano ya artesunate itumike kwa watoto wenye malaria kali badala ya kwinini. Na sindano za chanjo ni za lazima. Anayekimbia chanjo kwa kuogopa sindano anakimbia paka na kukimbilia chui.

Basi shika kanuni hizi:

1. Uliza: "Daktari, ugonjwa huu una dawa ya kidonge au ya maji?" Kuuliza si utovu wa adabu.
2. Usichomwe sindano nyumbani na mtu anayepita na mkoba. Muuza duka la dawa kazi yake ni kuuza dawa na kutoa maelekezo, siyo kuchoma.
3. Sindano iwe mpya, itolewe kwenye karatasi yake mbele ya macho yako.
4. Mpakate mtoto na umshike mguu usiruke. Mtoto aliyeshikwa vizuri anachomwa vizuri.
5. Ikiwa zinahitajika sindano kadhaa, omba zibadilishwe mahali: leo paja hili, kesho lile.

DALILI ZA KUANGALIA

Baada ya sindano, mtoto anaweza kulia, paja likavimba kidogo, akapata joto. Hayo ni ya kawaida, huisha baada ya siku moja au mbili.

Lakini rudi zahanati upesi ukiona haya:

Maumivu yaliyoshuka mguuni kama moto mara tu sindano ilipoingia.
Mguu umelegea, unyayo unaning'inia, kandambili inachomoka.
Mtoto hasogezi mguu mmoja, au hasikii ukimtekenya unyayo.
Uvimbe mwekundu, wa moto, unaozidi kukua au wenye usaha.
Baada ya miezi, paja ni gumu kama ubao na goti halikunjiki.

Nyumbani usikande kwa maji ya moto. Mguu wenye ganzi hausikii kuungua, utamchubua mtoto. Usichanje kwa wembe. Mlinde mtoto na jiko la moto. Kila jioni mtazame nyayo kama ana kidonda.

Na jambo moja kubwa. Mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 ambaye mguu au mkono wake umelegea ghafla, atolewe taarifa zahanati siku hiyo hiyo, hata kama unadhani sababu ni sindano. Huenda ni polio. Polio huua zile seli za uti wa mgongo zinazoamuru misuli. Mwaka 2020 Bara la Afrika lilitangazwa kuwa halina tena polio ya asili. Lakini mwaka 2022 mtoto mmoja alionekana nayo nchini Malawi, kwa jirani zetu. Njia pekee ya kujua ni kupima choo cha mtoto mapema. Tena sindano isiyo ya lazima, ikichomwa kwa mtoto ambaye tayari ana virusi vya polio mwilini, inaweza kuchochea mguu ule upooze.

NEVA INAPONA? TUPIGE HESABU

Neva iliyobanwa au kujeruhiwa kidogo hupona. Iliyokatika au kuungua sana huenda isipone bila upasuaji, au isipone kabisa. Lakini hata ile inayopona haina haraka. Neva hukua kiasi cha milimita 1 kwa siku.

Chukua rula ya mtoto wa shule. Ina sentimita 30. Sentimita 1 ina milimita 10. Basi:

30 x 10 = milimita 300.
Milimita 300 kwa milimita 1 kila siku = siku 300.
Siku 300 ni kama miezi 10.

Kwa mtu mzima, kutoka kalioni hadi kwenye misuli ya chini ya goti ni zaidi ya rula moja. Kwa mtoto ni karibu zaidi. Sasa unaona kwa nini mgonjwa asikate tamaa baada ya wiki mbili, akaacha hospitali na kuanza kuhangaika kwa waganga. Katika miezi hiyo msuli haupati amri, unakonda. Viungo navyo vinakakamaa. Kwa hiyo mzazi akunje na kunyoosha goti na kifundo cha mguu cha mtoto kila siku, taratibu, kama atakavyoelekezwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini. Pengine atapewa kifaa cha kushikilia unyayo usining'inie. Neva itakapofika, ikute msuli na kiungo viko tayari.

HATARI NYINGINE MBILI ZA NYONGA

Uchungu wa muda mrefu. Tulisema mtoto hupita katikati ya bakuli la nyonga. Kichwa chake kikikwama hapo kwa saa nyingi, kinabana neva. Mama anaweza kujifungua akakuta mguu umelegea, unyayo hauinuki au goti halina nguvu. Kichwa hicho hicho kinaweza kubana kibofu hadi kikatoboka, mama akawa anavuja mkojo. Hiyo ndiyo fistula. Mama huyo hana mkosi wala hakuzini. Ameumia, na fistula nyingi hutibika kwa upasuaji. Lakini kinga ni bora: mama ajifungulie kituoni, aende mapema uchungu unapoanza. Mume aweke akiba ya nauli kabla ya mwezi wa tisa, asingoje usiku wa uchungu aanze kukopa.

Jipu la ndani ya kiuno. Ule msuli wa kunyanyua paja unaweza kuingia usaha. Hapo huoni uvimbe, maana msuli uko ndani. Utaona mtoto ana homa, anachechemea, analala amekunja paja kuelekea tumboni, na ukimnyoosha mguu analia sana. Usiseme ni kuanguka tu. Homa pamoja na nyonga isiyonyooka ni safari ya hospitali leo, siyo kesho.

KAZI YAKO WEWE ULIYEJUA KUSOMA

Zamani mzazi alipewa kadi ya kliniki akaifunga katika kanga bila kujua imeandikwa nini. Wewe sasa unasoma. Basi fanya haya:

Soma kadi ya mtoto. Tazama tarehe ya kurudi.
Mtoto akichomwa sindano ya tiba, andika katika daftari: tarehe, jina la dawa, na mahali alipochomwa. Kwa mfano: "Tarehe 4, artesunate, paja la kulia."
Mtoto akipata tatizo, nenda na daftari hilo. Daktari atajua pa kuanzia.
Msomee jirani somo hili, hasa yule mwenye mtoto mchanga.

Turudi mara ya mwisho pale kliniki. Nesi amemaliza kueleza. Bibi anatazama paja la mjukuu wake, halafu anasema polepole:

"Kumbe yule kijana wa jirani hakulogwa."

"Hakulogwa, bibi. Neva yake iliumia."

"Na mama yake tulimtenga miaka yote ile, tukisema amemtoa mwanawe."

Nesi hakuwa na la kujibu. Bibi akamshika mjukuu mguu, akaukaza. "Haya, choma. Nimemshika."

Siku hiyo bibi hakurudi nyumbani moja kwa moja. Alipita kwanza kwa jirani yake.

MASWALI YA KUJADILI

1. Taja kazi ya misuli minne ya mbele ya paja.
2. Kuna tofauti gani kati ya neva na mshipa wa damu?
3. Kwa nini mtoto mchanga hachomwi sindano kalioni?
4. Neva inahitaji kukua sentimita 15. Itachukua siku ngapi? Ni kama miezi mingapi?
5. Mtoto wa miaka minne ana homa, amekunja paja, hataki linyooshwe. Mtafanya nini?
6. Je, hapo kijijini kwenu yupo mtu anayechoma sindano majumbani? Mzungumze na serikali ya kijiji mwone la kufanya.
7. Je, yupo mtu kijijini mliyesema amelogwa mguu? Baada ya kusoma somo hili mnasemaje?